Amunike na Taifa Stars ya 2019: kocha alikuwa wa kawaida au hatukumpa muda?

Dogo wa Nkuhungu:

Wakuu habari za muda huu, na mbukwenyi kwa wana Dodoma wenzangu. Naombeni msaada kwa wanaojua mpira wa zamani maana mimi mwaka 1994 nilikuwa hata sijafikiriwa.

Iko hivi. Juzi saluni hapa Nkuhungu kumezuka ubishi mpaka kinyozi kazima mashine, mteja kichwa nusu kimenyolewa nusu bado na yeye katoa mikono ndani ya kitambaa anabishana. Ilianza na Mecky Maxime, kwamba huyu alikuwa nahodha wa Stars, kawa kocha, kapita mpaka hapa Dodoma Jiji, mbona timu ya taifa hapewi. Jamaa mmoja akadakia akasema mchezaji mkubwa sio lazima awe kocha, mfano ni Amunike yule Mnigeria, alipewa Stars kwa ajili ya jina la Barcelona tu na hiyo Barcelona yenyewe alikaa benchi. Kulikuwa na mzee anasubiri zamu yake, akamwangalia, akauliza "huyo mtu mnamjua lakini?" akavaa kofia akaondoka bila kunyoa. Hakueleza chochote. Tumebaki tunatazamana.

Sasa nauliza, Amunike alikuwa mchezaji wa aina gani hasa? Na Stars alifanya kitu cha maana au ilikuwa bahati? Mimi nachokumbuka ni Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) Misri 2019 tumepigwa zote tatu, nilikuwa form two.

Naulizia na kwa faida yangu pia, kuna watoto wa mtaani hapa nawafundisha, U-15, na mimi sijacheza popote pa maana, wazazi wengine wananiambia usoni kwamba hujacheza utafundisha nini.

Mzee wa Makole:

Dogo, huyo mzee mimi namwelewa kabisa, kuna ubishi ukikaa unapandisha presha bure bora uondoke na nywele zako.

Amunike alikuwa winga wa kushoto, na mguu wa kushoto kweli kweli. Kabla ya Ulaya alikuwa Zamalek ya Misri, akachukua ligi pale, na mwaka 1993 wakachukua klabu bingwa Afrika. Halafu njoo AFCON 1994 Tunisia. Fainali ni Nigeria na Zambia, na Zambia yenyewe ndo ile ambayo mwaka mmoja nyuma ilipoteza timu kwenye ajali ya ndege kule Gabon, wakaunda kikosi upya na Kalusha Bwalya ambaye hakuwemo kwenye ile ndege, yaani Afrika nzima ilikuwa upande wao, na mimi nilikuwa Zambia sikufichi. Litana katangulia kufunga dakika za mwanzo kabisa. Hatujamaliza kushangilia Amunike kasawazisha. Kipindi cha pili kimeanza tu, huyo huyo tena. 2-1, kombe limekwenda Nigeria. Nilimchukia yule mtu miezi kadhaa.

Mwaka huo huo Kombe la Dunia Marekani, kafunga na Bulgaria kwenye kundi, halafu 16 bora na Italia kafunga tena na Nigeria wakakaa mbele mpaka dakika ya 88, ndo Roberto Baggio akasawazisha na kwenye dakika za nyongeza akaweka penati. Mwisho wa mwaka Amunike akawa mchezaji bora wa Afrika. Unaona hapo Barcelona bado hata haijaingia kwenye hadithi, alikuwa Sporting ya Ureno.

Na 1996 Olimpiki Atlanta, fainali na Argentina, ubao 2-2 dakika za mwisho, faulo inapigwa, mabeki wa Argentina wakapanda wote kwa mpigo ili wamwache ameotea, mpira ukamkuta yuko peke yake kaupiga juu juu, 3-2. Timu ya kwanza Afrika kuchukua dhahabu ya Olimpiki kwenye mpira wa miguu ni ile, na goli la dhahabu ni lake.

Barcelona walimchukua baada ya hapo, kocha akiwa Bobby Robson. Nusu msimu ya kwanza alicheza vizuri tu. Kisha goti. Goti ndo lilimmaliza, na Ufaransa 98 hakwenda, ana miaka 27 tu. Kwa hiyo mwambie rafiki yako wa saluni kwamba yule hakukaa benchi, alikaa kwa madaktari. Wanaofurahia kusema "alikaa benchi Barcelona" wengi wao hata benchi la Polisi Dodoma hawajawahi kukalia.

Kipanga95:

Mzee historia tamu na nimeisoma yote lakini swali hujajibu. Dogo kauliza UKOCHA. Magoli ya Tunis yamemsaidia nini mshambuliaji wetu Msuva?

Tuweke mambo wazi. AFCON 2019 ndo ilikuwa ya kwanza kuwa na timu 24, kabla ya hapo ni 16. Mlango umepanuliwa, na kundi letu lilikuwa Uganda, Cape Verde na Lesotho. LESOTHO wakuu. Amunike kaja Agosti 2018, kaenda Praia kwa Cape Verde kapigwa 3-0, kaenda Maseru kwa Lesotho kapigwa 1-0. Tumekuja kufuzu siku ya mwisho kwa kuwafunga Uganda ambao walishafuzu tangu Novemba, wamekuja Dar kutalii na kula pweza. Misri kwenyewe Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Tumefungwa nane tumefunga mbili, pointi sifuri. Kocha wa namna hiyo angekuwa mzawa mngemchoma moto, ila kwa kuwa jina linaanzia Barcelona ndo anatungiwa mashairi.

Mama Zabibu:

Kutalii???

Kipanga mdogo wangu, mimi siku ile nilikuwa kwa Mkapa, tarehe 24 Machi 2019 Jumapili, nimetoka Dodoma kwa basi, SGR enzi hizo bado ni nguzo tu tunaziona dirishani. Hao watalii wako walikuwa wamecheza mechi tano za kundi hawajafungwa goli hata moja. Moja! Sasa mtalii gani anakula tatu mkono mmoja.

Na hesabu ya siku ile ilikuwa mbaya kuliko mnavyokumbuka. Sisi pointi 5, Lesotho pointi 5, halafu wao wametuzidi tulipokutana maana nyumbani tulitoka 1-1 na kwao wakatufunga. Kwa hiyo hata tukishinda 10 kama Lesotho nao wameshinda Praia tumekwisha. Uwanja mzima macho yako huku sikio liko Cape Verde. Kaka mmoja mbele yangu alikuwa na simu sikioni, kila akiguna tu watu safu nne wanamgeukia wanamuuliza "nini, nini", mpaka akaanza kukasirika. Msuva kafunga la kwanza, Erasto Nyoni penati, Aggrey Morris kichwa. Kule 0-0. Ukame wa miaka 39 umeisha pale pale, tangu 1980 Lagos. Mimi sio mtu wa kulia hovyo lakini siku ile nililia na watu nisiowajua.

Jumatatu narudi, tumesimama Msamvu watu wanakula, taarifa ya habari inasema Rais Magufuli kawaita wachezaji Ikulu na kawapa viwanja, wapi, DODOMA. Basi zima likalipuka, tukawa tunataniana nani atakuwa jirani yake Samatta. Na Peter Tino naye alikumbukwa siku ile, yule aliyefunga kule Ndola 1979 tukaenda Lagos. Sasa wewe leo unaniambia ile ilikuwa bahati ya mlango kupanuliwa. Mlango ulipanuliwa kwa Afrika nzima, mbona Zambia walibaki nje?

Kingine watu mnasahau, kazi ya kwanza kabisa ya Amunike ilikuwa kuwaondoa kambini wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kuripoti. Simba! Kocha mgeni hata mwezi hajamaliza mjini. Halafu akaenda Kampala na waliobaki akatoka 0-0. Mzawa angefanya hivyo asingelala nyumbani kwake.

Fundi wa Kizota:

Mama Zabibu kula tano, lakini mimi niongelee mechi ya Kenya kwa sababu ndo inaniuma mpaka leo.

Senegal sawa, hakuna aliyetegemea kitu. Kenya ndo ilikuwa fainali yetu. Hapa Kizota kibanda umiza kilijaa mpaka mwenye banda akaanza kukataa hela, mechi ilikuwa usiku sana na bado kuna watu wamekuja na watoto. Dakika ya 6 tu Msuva kamalizia mpira uliotemwa na kipa, banda limenyanyuka. Olunga kasawazisha kwa tikitaka, watu kimya, kimya hakijaisha Samatta kaingiza la pili. Tunaenda mapumziko 2-1 tunaongoza kwenye AFCON kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Kipindi cha pili ndo mimi nina kesi na kocha. Timu ikaanza kurudi nyuma yenyewe taratibu bila kusukumwa, viungo wanapiga mpira mrefu kwa Samatta peke yake na mabeki wawili mgongoni, mpira unarudi, tunapiga tena, unarudi. Hivyo hivyo kama mtu anayetupa takataka zinarudishwa na upepo wa Agosti huku kwetu. Kona, Omolo kichwa, 2-2. Mtu yeyote pale bandani, hata yule muuza karanga, aliona kati pamekatika, na benchi likachelewa. Dakika ya 80 Olunga tena. Mtu mmoja nyuma akasema "zima" na mwenye banda kweli akazima.

Kwa hiyo mimi siko na Kipanga kwamba jamaa hakuwa na kitu, ila siko na nyie mnaomtakasa. Mechi ya Kenya ilikuwa ya kocha kuliko ya wachezaji na aliipoteza.

Mwl. wa Ipagala:

Nimekuwa nasoma kimya kimya, ngoja niseme.

Mnabishana kuhusu Barcelona kana kwamba ndo shule aliyosomea ukocha. Ukocha Amunike alijifunzia kwa watoto. Mwaka 2013 Nigeria wamechukua Kombe la Dunia la U-17 kule Falme za Kiarabu, yeye msaidizi wa Manu Garba. Mwaka 2015 wamechukua tena Chile, safari hii yeye ndo kocha mkuu, fainali wamewafunga Mali 2-0, na mfungaji bora wa mashindano ni dogo mmoja kafunga magoli 10 anaitwa Victor Osimhen. Hiyo ndo CV iliyomleta Tanzania, jina la Barcelona lilikuwa la magazeti. Na ukiangalia alivyoanza na Stars, kuchelewa kambini ni kurudi nyumbani, hiyo ni tabia ya mtu aliyezoea kufundisha vijana wa miaka 16. Inasaidia pale mwanzo, baadaye unakutana na mtu mzima mwenye mtoto na mkataba Ulaya na hapo unahitaji kitu kingine.

La pili hakuna aliyeligusa humu. Fainali ya AFCON 2019 ilikuwa nani na nani? Algeria na Senegal. Wote wawili wametoka KUNDI LETU. Nyie mnahesabu magoli nane, matano kati ya hayo tumefungwa na timu mbili zilizofika fainali.

Na makocha wa hizo timu mbili wote ni wachezaji wa zamani wa timu zao za taifa, tena nahodha. Aliou Cissé aliongoza Senegal 2002 na alikosa penati kwenye fainali ya AFCON mwaka ule na Cameroon. Djamel Belmadi wa Algeria kacheza Marseille na Manchester City. Wamekulia mji mmoja nje kidogo ya Paris, Champigny, na wamepishana siku moja kuzaliwa, Machi 1976. Ukitaka mfano wa mchezaji aliyegeuka kocha wa taifa ndo hao, na tofauti yao na Amunike ni kwamba Cissé alipewa timu 2015, akatoka robo fainali 2017, akatoka Kombe la Dunia 2018 kwa kuzidiwa na Japan idadi ya kadi za njano, akapoteza fainali 2019, na bado hakufukuzwa, ndo akaja kuchukua kombe Februari 2022 kwa penati. Amunike alipewa mkataba wa miaka miwili, hata mmoja haukuisha, Julai 2019 wakaagana.

Kipanga95:

Mwalimu hapo kwa Belmadi umejifunga mwenyewe. Belmadi kachukua Algeria Agosti 2018, mwezi ule ule Amunike kaja kwetu. Julai 2019 mmoja kabeba kombe Cairo, mwingine kabeba begi. Muda sawa. Sasa muda gani tena?

Mwl. wa Ipagala:

Belmadi kamkuta Mahrez ametoka kusajiliwa Manchester City. Amunike kamkuta nani zaidi ya Samatta na Msuva, wengine wengi wanatoka ligi yetu, wanagombana na klabu hata siku za kuripoti. Tena umalizie habari ya Belmadi: AFCON iliyofuata katolewa kwenye makundi akiwa bingwa mtetezi, ya 2023 katolewa kwenye makundi tena, ndo akaondoka. Kombe moja lilimpa miaka minne mingine. Sisi ile 3-0 ya Uganda ilimpa mtu miezi mitatu na kitu.

Na hiyo ni tabia yetu, sio ya 2019 peke yake. Hemed Suleiman 'Morocco', mzawa, alipewa timu katikati ya AFCON 2023 kocha Amrouche alipofungiwa, akatoa droo na Zambia na Kongo, Novemba 2024 akawafunga Guinea 1-0 tukafuzu AFCON 2025, CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, katufikisha robo fainali. AFCON yenyewe ilipofika timu ikaenda na kocha mwingine, Gamondi. Kufuzu kwetu hakumlindi kocha, awe Mzanzibari awe wa Nigeria, awe amecheza Camp Nou ya Barcelona au Amaan ya Zanzibar.

Mzee wa Makole:

Hapo Mwalimu umenena. Na mkitaka wazawa waliocheza, Mkwasa mmemsahau mara hii? Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa Yanga na Stars, Novemba 2015 alikuwa anaongoza 2-0 dhidi ya Algeria pale Dar, Maguli na Samatta, nchi imesimama, Slimani akarudisha zote mbili. Siku tatu baadaye Blida 7-0. Kucheza mpira hakukumsaidia kupunguza hata goli la saba. Ila nikuulize Kipanga, nani angepunguza?

Mimi bado nasema kucheza kunasaidia sehemu moja, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Stephen Keshi alikuwa nahodha wa ile Nigeria ya 1994, akaja kuwa kocha akachukua AFCON 2013 na kikosi kilichokuwa na wachezaji wa ligi ya ndani na watu wakanyamaza. Kabla yake ni El-Gohary wa Misri tu ndo aliwahi kuchukua akiwa mchezaji na akachukua akiwa kocha. Mchezaji akimwangalia mtu kama huyo anajua hadanganywi. Mengine yote ni kusoma.

Dogo wa Nkuhungu:

Wakuu nawashukuru sana, nime-screenshot jibu la Mzee nitalipeleka saluni kesho. Yule jamaa wa Barcelona atanitambua.

Ila la kwangu halijaguswa. Mimi ambaye sijacheza je?

Mwl. wa Ipagala:

Lako ndo jepesi. Lile Kombe la Dunia 1994 ambalo Amunike alitolewa na Italia, aliyelichukua ni Brazil, na kocha wao Carlos Alberto Parreira hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa, alianza kama mtu wa mazoezi ya viungo. Mzazi akikuuliza umecheza wapi mtajie huyo.

Lakini usiishie kwenye kumtaja Parreira, Parreira alisoma. Nenda ofisi za chama cha mpira mkoa, DOREFA, uliza lini kozi ya leseni D ya CAF inakuja huku, hiyo ndo ya kuanzia na wanachukua hata wasio na majina. Chukua na huduma ya kwanza kama ipo. Mtoto akivunjika mkono uwanjani mzazi hatauliza ulicheza daraja gani, atauliza ulifanya nini dakika ile.

Fundi wa Kizota:

Na uwafundishe wakiwa mbele 2-1 wasirudi nyuma.

Mama Zabibu:

😂😂 Fundi achana na Kenya jamani.

Dogo hiyo U-15 yako inachukua mabinti? Nina mmoja hapa ana miaka 12 anacheza na kaka zake barabarani, anawapita wote halafu wanamnyang'anya mpira.

Dogo wa Nkuhungu:

Inachukua mama, wapo wawili tayari. Tunaanza saa kumi na nusu jioni jua likipoa, kiwanja ni kile cha vumbi nyuma ya shule. Aje na maji yake na kama ana viatu vya zamani vya kaka zake avilete, vikimkaa vikubwa tunaweka soksi mbili.

Kipanga95:

Umri wa miaka 12 na anapita wote? Anatumia mguu gani?

Mama Zabibu:

Kushoto.